Msimu Hausubiri Wageni

Amri ya uhamisho ilitoka Aprili. Sajini wa jeshi la nchi kavu la Marekani, mzaliwa wa Kisii, alitakiwa aondoke Fort Hood, Texas, akaripoti Joint Base Lewis-McChord, karibu na mji wa Tacoma katika jimbo la Washington. Ni safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Alipewa hadi katikati ya Septemba awe amefika, pamoja na mkewe, binti yao wa miaka 15 na mvulana wa miaka 8. Majina yao nayaacha, na baadhi ya mambo nimeyachanganya na ya familia nyingine zilizopita njia hiyohiyo, ili asitambulike mtu. Yaliyowapata huwapata wengi kila kiangazi, na kwa sababu hayamwagi damu wala hayavunji nyumba, hakuna anayeyatangaza.

Sajini ni mtu wa mpango. Kabla Mei haijaisha alikuwa ameweka siku ya wapakiaji kuja kubeba samani, ameandikisha familia kwenye foleni ya nyumba za kambini, ameomba nakala za kadi za chanjo, na amepiga hesabu ya mafuta na hoteli za njiani. Shule pia aliiulizia, akajibiwa kwamba watoto watapokelewa siku yoyote watakayofika. Hapo akaona habari ya watoto imekwisha. Julai akachukua likizo, wakasafiri Kenya kwa nyanya yao, ambaye alikuwa hajawahi kumtia machoni mjukuu wake wa pili. Simlaumu hata kidogo kwa safari hiyo. Nani atamlaumu mtu kwa kwenda kumwona mamake?

Wakiwa huko Kisii ndipo binti alipouliza. Texas alikuwa akicheza kiungo katika timu ya soka ya shule, timu ya kwanza, ingawa ndio kwanza alikuwa darasa la tisa.

"Baba, huko tunakoenda majaribio ya timu ni lini?"

"Si ni Januari? Wacha tufike kwanza, tutulie, halafu tutatafuta."

Jibu hilo lilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la kalenda, na ni rahisi kulieleza. Katika shule za umma za Texas, wavulana kwa wasichana hucheza soka kuanzia Januari hadi Aprili, kwa kuwa vuli ni ya mpira wa Kimarekani na voliboli. Jimbo la Washington lina mpangilio wake: wasichana hucheza soka wakati wa vuli, mazoezi yakianza mwishoni mwa Agosti na fainali zikichezwa Novemba, nao wavulana hucheza wakati wa masika. North Carolina, iliko Fort Bragg, wavulana ndio wa vuli na wasichana wa masika. Kentucky wote ni wa vuli. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule, na wakubwa wa jeshi hawana neno katika ratiba hizo. Baba anaweza kuhama kambi tano akivaa sare ileile, akinunua unga katika duka lilelile la jeshi, akipigia saluti bendera ileile, huku mwanawe akivuka kalenda tano tofauti.

Kosa la pili limo katika maneno "tutulie kwanza", nalo nitalirudia, maana ndilo lililowagharimu zaidi.

Walifika wiki ya pili ya Septemba. Siku yake ya pili shuleni binti aliona wasichana wakitoka darasani mapema, wamevaa soksi ndefu na kubeba viatu vya njumu, wakielekea basi la kwenda mechi. Alisimama pale kwenye ukumbi akidhani labda ni klabu ya nje. Aliuliza, akaambiwa ni timu ya shule, na ligi imeshaanza. Alimtafuta kocha siku iliyofuata. Kocha alimsikiliza kwa upole, akamweleza kwamba wachezaji walichaguliwa mwishoni mwa Agosti, timu zote zimejaa, na sheria inamtaka mchezaji awe amefanya idadi fulani ya mazoezi kabla ya kugusa mechi. Akamwambia ajaribu tena mwaka ujao. Kwa mtu mzima, mwaka ni kitu cha kupita. Mtoto wa mwanajeshi akiambiwa mwaka ujao, hupiga hesabu ya kwake: baba huhamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo mwaka ujao ni nusu ya maisha yake mahali hapo.

Inafaa tuseme wazi kwa nini watu wetu, walio makini katika mengine yote, huteleza hapa. Sajini alikulia Kenya. Kule mtoto wa askari mara nyingi haguswi na uhamisho wa baba yake. Mzee akipelekwa Nanyuki au Mtongwe, kijana amebaki bwenini, pengine Moi Forces Academy ya Nairobi au ya Lanet, shule zilizoanzishwa kwa ajili ya watoto wa wanajeshi. Timu yake ipo palepale muhula ujao, kocha yuleyule, jezi ileile. Baba ndiye anayehama. Marekani mtoto huhama pamoja na makochi na sufuria, na kila alichokuwa nacho nje ya nyumba hubaki nyuma.

Tena kuna jambo la mtaa. Sisi tulicheza bila kuandikishwa. Ulitoka nje na mpira wa makaratasi, ukapiga mluzi, na kabla jua halijazama mlikuwa timu mbili na mzozo juu ya goli. Mzazi aliyelelewa hivyo huamini kwamba mtoto akitoka nje atapata wenzake. Atoke nje katika kitongoji cha Lakewood au cha Killeen saa kumi alasiri: barabara ni tupu, nyasi zimekatwa vizuri, hakuna mtoto. Wako kwenye mazoezi. Mchezo wa watoto katika nchi hiyo una fomu, ada, cheti cha daktari na tarehe ya mwisho, na asiyejua hivyo atamwona mwanawe ameketi dirishani na kudhani ni mpole.

Sasa kuna sheria ambayo ingewasaidia, na walipita karibu nayo bila kuijua. Tangu 2008 kuna Mkataba wa Majimbo kuhusu Fursa za Elimu kwa Watoto wa Wanajeshi, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa yameukubali, pamoja na mji mkuu, Washington, D.C. Miongoni mwa mambo yake, unazitaka shule zimrahisishie mtoto aliyehamishwa kuingia katika michezo na shughuli za nje ya darasa bila kujali kwamba tarehe ya kujiandikisha imepita, mradi awe ana sifa nyingine zinazotakiwa. Usome vizuri mkataba huo. Unaondoa kikwazo cha tarehe. Hauumbi nafasi katika timu iliyojaa, haumlazimishi kocha kumpanga mtu, wala haufuti masharti ya afya na mazoezi. Na hakuna karani atakayekukimbilia na kukuambia upo. Mzazi ndiye anayepaswa kuutaja, tena mapema, wakati kocha bado anaandika majina kwa penseli.

Binti hakuutaja, maana hakuujua. Wala baba yake hakuujua. Akamwambia, "Pole, mwanangu. Basi tumia muda huu kwa vitabu." Alidhani anamfariji.

Kosa la pili, basi. Tunasema mtoto atulie kwanza, kisha atafutiwe timu. Mimi nasema timu ndiyo inayomtuliza. Mtu mzima anapohamia kituo kipya hukabidhiwa watu siku ileile ya kwanza: ana kikosi, ana mkubwa, ana wa kula naye mchana. Mama naye, Sajini alipokuwa bado anatafuta njia ya kwenda ofisini, alikuwa amepata kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, pamoja na akina mama wengine kutoka Kenya ambao Tacoma wako wengi, na ndani ya wiki moja alikuwa na kanisa, chama cha akiba na mtu wa kumwachia funguo. Mtoto wa miaka 15 hapewi chochote cha namna hiyo. Anapewa ratiba ya masomo na nambari ya kabati. Saa ya chakula cha mchana anaingia ukumbi wenye mamia ya watu waliojuana tangu chekechea. Kumwambia mtoto huyo atulie kwanza ndipo apate marafiki ni kumwambia akauke kwanza ndipo atoke mtoni.

Alinyamaza. Kwanza ilionekana kama utulivu, na wazazi wakashukuru kwamba hakuwa na makeke ya rika lake. Alikuwa akifunga mlango na kuzungumza kwa simu na wenzake wa Killeen, lakini Texas iko mbele kwa saa mbili. Saa tatu usiku kwake, kwao ni saa tano, na wana mazoezi asubuhi. Simu zikawa fupi. Kufikia Desemba, ambapo kule Tacoma saa kumi na nusu jioni giza limetanda na mvua haikomi, alikuwa akirudi shuleni na kulala hadi chakula cha usiku. Alama zake za hisabati zilishuka. Januari ilipofika, wenzake wa Texas walianza msimu bila yeye, na picha za jezi zikaanza kuingia katika simu yake. Mama alimkuta siku moja anazitazama, akamuuliza kuna nini, akajibiwa, "Hakuna, Mama." Wazazi wa kwetu tunapaswa kuliogopa jibu hilo kuliko kelele.

Hapo ndipo baba aliposhtuka, na mshtuko wake ukazaa kosa jingine. Alitafuta klabu binafsi ya soka. Klabu hizo zina viwanja vizuri na makocha wa kulipwa, na ada zake zinaweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka, bila kuhesabu jezi na safari za mashindano. Aliyoipata yenye nafasi ilikuwa mbali, upande wa Seattle, kupitia barabara kuu ya I-5 ambayo kila anayeishi karibu na kambi ile anajua foleni yake jioni. Alitia saini mkataba wa mwaka mzima usiku uleule, bila kumuuliza binti, bila kuuliza mtu ambaye mwanawe amechezea hapo, bila kusoma kifungu cha kurudishiwa fedha. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Nasema hivyo kwa sababu wanaume wengi wa kwetu huonyesha mapenzi kwa kulipa, na ni mapenzi ya kweli.

Baada ya majuma machache kikosi chake kilipelekwa mazoezi ya nyikani Yakima, ng'ambo ya milima, kwa muda wa mwezi. Mama alikuwa na zamu za usiku zinazoanza saa ambayo mazoezi ya klabu huisha. Nani angemwendesha binti? Alikosa siku moja, kisha mbili, kisha wiki. Kocha wa klabu, ambaye hakuwa mwanajeshi na hakujua Yakima ni nini katika maisha ya familia, alimweka benchi kama sheria ya klabu ilivyosema. Machi binti akaomba kuacha. Ada haikurudi. Maneno yaliyosemwa nyumbani humo kuhusu fedha hizo, binti akisikia kupitia ukuta, ndiyo ninayoyahuzunikia kuliko fedha zenyewe. Alianza kuamini kwamba yeye ni gharama.

Mambo yalikwenda tofauti kabisa kwa mdogo wake. Oktoba mama alikwenda katika ofisi ya huduma za watoto na vijana iliyo ndani ya kambi, kutafuta mahali pa kumwacha mvulana baada ya shule. Karani alipokuwa anajaza jina, akamuuliza kama mtoto angependa mpira wa kikapu wa majira ya baridi. Mama akasema ndiyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Aliambiwa alete cheti cha daktari cha mwaka huo, akalipa ada ambayo haikumuumiza, basi. Mvulana hakuwahi kushika mpira wa kikapu. Lakini kocha wao alikuwa askari wa kujitolea, na nusu ya watoto katika timu walikuwa wamefika kiangazi hichohicho kutoka Georgia, Ujerumani, Hawaii na Korea. Hakuna aliyekuwa mgeni peke yake. Kufikia Krismasi nyumba ilikuwa inapigiwa simu na mama wa watoto ambao Mama hakuwajua, wakimtaka mvulana aje alale kwao.

Naona jambo hili linafaa kukaziwa, maana wazazi wa kwetu huzidharau huduma za kambini wakidhani bei ndogo ni dalili ya kitu duni. Kwa mtoto mdogo, ligi ya kambini mara nyingi ndiyo njia fupi kuliko zote. Imejengwa kwa watu wanaohama. Vituo vya vijana vya kambi hushirikiana na mashirika kama Boys & Girls Clubs na 4-H, kwa hiyo mtoto anayependa kuchora, kupika au kutengeneza roboti anaweza kuukuta mlango ule ule katika kambi inayofuata. Udhaifu wake ni umri: kadiri mtoto anavyokua, timu za kambini hupungua, na vijana wa shule ya upili hutegemea shule. Ndiyo sababu katika nyumba moja mdogo aliokoka na mkubwa akazama, na ndiyo sababu mkubwa ndiye wa kuanza kutafutiwa.

Ilikuwa katika ofisi hiyohiyo, mwezi Februari, mama alipokwenda kulipa, ndipo alipoona mlangoni bango la afisa kiungo wa shule. Kila kambi kubwa ina mtu wa namna hiyo, kazi yake ni kusimama kati ya familia za wanajeshi na shule za eneo. Mama alibisha hodi, akiwa na haya ya mtu anayekuja kuomba. Afisa alimpa kiti, akamuuliza maswali machache tu. Amri mlipata lini? Aprili. Mlimwandikia kocha lini? Hatukumwandikia. Mna nakala ya rekodi za michezo za Texas? Hatukuambiwa. Cheti cha daktari kipo? Kipo cha Texas, fomu ya huku ni nyingine.

Afisa hakumlaumu. Alimweleza ambacho kingewezekana, na mama, aliponisimulia, alikuwa bado anakumbuka neno kwa neno. Amri ikitoka tu, kabla hata ya kupanga siku ya wapakiaji, fungua tovuti ya chama cha michezo ya shule cha jimbo unakokwenda utazame kila mchezo unaanza mwezi gani. Ofisi ya afisa kiungo wa kambi mpya inakupokea hata kama bado uko kambi ya zamani. Huhitaji kufika ndipo upige simu. Mtoto mwenyewe amwandikie kocha, aeleze nafasi anayocheza na mwaka wake wa shule, ambatanishe video fupi na barua ya kocha wa zamani. Beba rekodi zake mkononi, si ndani ya masanduku ya wapakiaji, maana masanduku huchelewa. Fomu ya daktari ya jimbo jipya ipakue mapema, ijazwe kabla ya kuondoka, kwa sababu Agosti kila mzazi anatafuta nafasi kwa daktari. Na nakala ya amri ya uhamisho iwe kwenye mkoba wakati wote: vyama vya majimbo huwachunguza wanafunzi wanaobadilisha shule, kuzuia shule zisiibiane wachezaji, na karatasi hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba mtoto amehama kwa sababu ya jeshi.

Baadaye mama alimwuliza kocha wa shule kama barua ya Juni ingebadilisha jambo. Kocha akasema kwamba nafasi asingemwahidi, lakini angemwalika mazoezi ya kiangazi, na kama familia iko safarini angejua kuna msichana anakuja na angemtazama siku atakayofika. Hilo tu. Ni dogo, na lingetosha.

Afisa aliuliza jambo moja zaidi: binti anapenda nini kingine? Mama hakuwa na jibu. Akaambiwa kwamba katika shule nyingi riadha ya masika huwapokea wote wanaojitokeza, hawachujwi, na inaanza baada ya siku chache.

Hapo palikuwa na kidonda. Tangu siku ya kwanza wanafunzi wenzake waliposikia kwao ni Kenya, walimwambia, basi wewe lazima unakimbia. Hata Wakenya wa kambini walimwambia hivyo. Hadithi za Wakenya wa jeshi la Marekani walioshindana Rio mwaka 2016 zinajulikana kwao wote: Paul Chelimo aliyepata fedha katika mita 5,000, Hillary Bor, Shadrack Kipchirchir na Leonard Korir, vijana walioingia jeshini kupitia mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye ujuzi maalumu, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizohitajika. Ni fahari yetu, na sitaipunguza. Lakini kwa msichana anayependa kusimama katikati ya uwanja na kugawa mpira, kuambiwa kila siku kwamba damu yake inajua kukimbia kulikuwa namna nyingine ya kutoonekana. Alisema haendi.

Aliyemwondoa kitandani ni msichana wa darasa la kemia, aliyekuwa mrusha mkuki na hakutaka kwenda peke yake siku ya kwanza. Shule za Washington hushindana kurusha mkuki; za Texas hazina mchezo huo. Binti alikuwa hajawahi kuushika. Alienda kumsindikiza mwenzake, kocha akampa mkuki, akautupa vibaya, ukaanguka ubavu, na karibu kila mtu pale naye alikuwa anautupa vibaya. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba hakuwa nyuma ya mtu yeyote. Usiku huo alimwonyesha baba yake video za Julius Yego, Mkenya aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, kisha akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Sajini, ambaye alikuwa amerudi kutoka Yakima juzi tu, alikaa naye hadi mkewe akawafukuza wakalale.

Singependa msomaji adhani kwamba mkuki ulifuta yote. Mwaka ule wa soka haukurudi. Agosti iliyofuata alikwenda kwenye majaribio tangu siku ya kwanza, fomu zote tayari, na akapangwa timu ya pili. Wachezaji wa kati walikuwa wamecheza pamoja msimu mzima bila yeye, na miguu yake ilikuwa nzito. Aliyekuwa timu ya kwanza darasa la tisa alikuwa timu ya pili darasa la kumi na moja. Alilia ndani ya gari, mama akamwacha alie. Kisha akacheza msimu wote, na hakukosa zoezi hata moja, kwa kuwa safari hii mama alikuwa amezungumza na mzazi jirani kuhusu usafiri kabla ratiba haijatoka. Nimewasikia wazazi wakisema mtoto ni mtoto, atasahau. Huyu hajasahau, na hakuna sababu ya kumtaka asahau.

Katikati ya mwaka huo minong'ono ya uhamisho mwingine ilianza. Jeshi humruhusu askari mwenye mtoto anayekaribia mwaka wa mwisho wa shule ya upili kuomba asihamishwe mpaka mtoto amalize. Ombi halikubaliwi kila mara, maana mahitaji ya jeshi hutangulia, na linapaswa kupelekwa mapema, mtoto akiwa hajaingia mwaka huo wa mwisho. Wengi hulisikia wakati limeshapitwa. Sajini aliliandika binti akiwa bado darasa la kumi na moja. Kabla ya kutia saini alimwita mezani alisome. Pale baba alipoeleza kwamba binti yake ni mchezaji wa soka, binti aliongeza kwa mkono wake: na mrusha mkuki.

Ombi lilikubaliwa, hadi Juni ya mwaka atakaomaliza shule. Mama ameiandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni, na kwenye mwezi wa Januari unaoitangulia ameandika jina la mvulana na alama ya kuuliza, ili mtu akumbuke kupiga simu mara tu kambi mpya itakapojulikana.